Karatasi ya Salfa: uchambuzi wa kisa cha wapigakura, mwenyekiti wao na ekari 200

Kisa na chanzo chake

Kisa hiki kilitokea katika kijiji kimoja cha kusini mwa Tanzania, kwenye ukanda wa korosho na ufuta. Nilikiingia mwaka 2021 kama msaidizi wa kisheria. Ya kabla ya hapo nimeyapata kwenye mafaili ya ofisi ya kijiji na kwa watu waliokuwapo. Jina la kijiji, wilaya, vyama na wahusika nimeliondoa, na alama chache ambazo zingemfichua mtu nimezibadilisha. Kiini cha kisa kiko kama kilivyokuwa.

Kila nikikisimulia, wasikilizaji hugawanyika papo hapo. Wapo wanaosema viongozi ni wezi na wananchi wameonewa. Wengine husema wananchi walikula wenyewe, basi wavune walichopanda. Mimi naamini mpigakura ana sehemu yake katika rushwa ya kiongozi wake, na ni kubwa kuliko tunavyopenda kukiri. Ila kila nikirudi kwenye kisa hiki naona sehemu hiyo ilianza kuwa kubwa asubuhi ya pili yake, masanduku ya kura yalipokwisha kuondolewa.

Kijiji na mamlaka yake

Kijiji kina vitongoji vitano na kaya zipatazo 430. Kwa Sheria ya Serikali za Mitaa (Mamlaka za Wilaya) ya 1982, mamlaka ya juu ya kijiji ni mkutano mkuu, ambao mjumbe wake ni kila mkazi aliyetimiza miaka 18. Unatakiwa kukaa kila baada ya miezi mitatu, na humo ndimo mapato na matumizi husomwa. Chini yake iko halmashauri ya kijiji, yenye wajumbe kati ya 15 na 25, ikiongozwa na mwenyekiti anayechaguliwa kila miaka mitano. Mtendaji wa kijiji hachaguliwi. Ni mwajiriwa, na ndiye anayeandika na kutunza kumbukumbu.

Kwenye ardhi, Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya 1999 inaikataza halmashauri ya kijiji kugawa ardhi kabla mkutano mkuu haujaridhia. Kwa hiyo mtu akitaka kupora ardhi ya kijiji kwa utaratibu, anahitaji karatasi mbili tu: muhtasari wa mkutano mkuu na orodha ya mahudhurio yenye sahihi. Msomaji azishike karatasi hizo mbili.

Liko pia suala la takrima, yaani ukarimu wa mgombea kwa wapigakura. Mwaka 2000 sheria ya uchaguzi ilibadilishwa, ukarimu wa kawaida na wa kimila wakati wa kampeni ukahesabiwa kuwa si rushwa. Mashirika ya haki za binadamu yakaenda mahakamani, na Aprili 2006 Mahakama Kuu ikavifuta vifungu hivyo kwa kuwa vilikwenda kinyume na Katiba. Mwaka mmoja baadaye ikaja Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa, ambayo inamtia hatiani anayetoa na anayepokea. Sheria ilibadilika hivyo. Kijijini neno takrima liliendelea kutumika, na maana yake ya zamani haikwenda kokote.

Uchaguzi wa Desemba 2014

Wagombea wenye nguvu walikuwa wawili. Wa kwanza, nitakayemwita Mwenyekiti, alikuwa na mashine ya kusaga na pikipiki mbili. Wa pili alikuwa mwalimu mstaafu aliyefundisha nusu ya kijiji kusoma. Ahadi ya Mwalimu ilikuwa moja: kila miezi mitatu atasoma mapato na matumizi chini ya mwembe, hadi shilingi ya mwisho.

Siku mbili kabla ya kura, kambi ya mwenye mashine ilipika pilau katika vitongoji vitatu. Vikundi vya kina mama vilipata khanga, timu ya vijana ikapata jezi na mpira. Wapambe walizunguka usiku na noti za Sh 5,000 kwa watu waliokuwa bado hawajaamua. Kambi ya Mwalimu haikutoa kitu. Ikasemwa Mwalimu ana mkono wa birika, na kwamba kama leo anayeomba hatoi, akishapata atatoa lini? Mkono mtupu haulambwi. Mwalimu alishindwa vibaya.

Nimewauliza watu wengi kuhusu siku zile, na sitaki kulipita jambo hili haraka, maana ndipo wahubiri wa maadili wanapokosea. Hakuna aliyeniambia aliuza kura yake kwa sahani ya pilau. Mama mmoja aliniambia, “Mwanangu, usiku uchungu ukimshika binti yangu, Mwalimu ana baiskeli. Yule ana pikipiki.” Huyo alikuwa amepiga hesabu. Pale ambapo zahanati iko mwendo wa saa tatu kwa miguu, mtu anayetoa kabla ya kuombwa anaonyesha kwamba siku ya msiba au ya ugonjwa atakuwapo. Pilau lilikuwa ushahidi wa uwezo na wa utu.

Walikuwapo pia waliosema tule vyake, kura tunajua wenyewe. Nilipowabana, wengi walikiri kwamba ndani ya kibanda cha kupigia kura ulimi wa kijanja uliwaishia. Kwetu mtu akishakulisha, kumgeuka ni aibu, hata kama hakuna anayeona. Wapambe walilijua hilo kuliko sisi tunaotoa semina.

Sharti niseme na hili: waliopokea hawakuwa maskini peke yao. Mwenye duka kubwa alipokea, na mfanyabiashara wa ufuta alipokea kiasi kikubwa zaidi. Njaa inaeleza baadhi ya kura. Haielezi kura za hao.

Miaka mitano bila mkutano

Kati ya uchaguzi ule na uliofuata, mkutano mkuu ulipaswa kukaa karibu mara 20. Faili la kijiji lina mihtasari sita. Wananchi wanakumbuka mikutano mitatu.

Wa kwanza ulijaa. Wa pili uliitishwa msimu wa kuokota korosho na watu hawakutosha, ukaahirishwa. Baada ya hapo kengele haikugongwa tena kwa mwaka mzima, na sikupata barua hata moja ya mwananchi akiuliza kwa nini. Kaya zipatazo 300 zilikuwa zimechangia Sh 10,000 kila moja kwa ajili ya zahanati. Ukuta ukafika usawa wa linta, ukasimama, mpaka majani yakaota ndani. Watu walinung'unika visimani na kwenye vijiwe vya kahawa. Hapo hapo waliendelea kumwita Mwenyekiti kwenye misiba, naye alikuja, na kila alipokuja alitoa.

Mwaka 2017 ilifika salfa ya kupulizia mikorosho. Kila mkulima aliitwa ofisini kuchukua mgao wake na kusaini. Karatasi zilikuwa na safu tatu: namba, jina, sahihi. Juu hapakuwa na kichwa cha habari. Watu 212 walisaini na kuondoka na mifuko yao.

2019: kura isiyopigwa

Uchaguzi wa serikali za mitaa wa 24 Novemba 2019 unajulikana kitaifa. Wagombea wengi wa upinzani walienguliwa, vyama kadhaa vikajitoa, na maeneo mengi yalibaki na mgombea mmoja. Kijiji hiki kilikuwa miongoni mwao, na Mwenyekiti alipita bila kupingwa. Ushindani pekee ulikuwa umefanyika ndani ya chama chake, kwenye kura za maoni, ambako bahasha zilitembea kama kawaida.

Hapa anayemtwisha mpigakura mzigo wote hana hoja. Huwezi kumlaumu mtu kwa kura ambayo hakuletewa. Ila mkutano mkuu haukuwa umefutwa. Mlango mmoja ulipofungwa ule mwingine ulikuwa wazi, na hakuna aliyeuendea.

Trekta

Juni 2021 trekta lilianza kusafisha msitu wa upande wa mashariki, mahali ambapo wanawake hukata kuni na wafugaji wachache hupitisha mifugo kwenda mtoni. Dereva alisema bosi wake amepewa ekari 200 na kijiji na ana karatasi. Vijana wakachukua mapanga na dumu la petroli.

Aliyewazuia ni mama mweka hazina wa kikundi kimoja cha VICOBA, yaani vikundi vya kijijini vya kuweka na kukopeshana fedha. Alisimama mbele ya trekta akasema jambo ambalo kijiji kizima bado kinalikariri: “Mkilichoma hili, kesho tutakuwa wahalifu na yeye atakuwa na karatasi. Niacheni nikaione hiyo karatasi.” Mimi nilipigiwa simu jioni hiyo.

Maamuzi na sababu zake

Uamuzi wa kwanza ulikuwa kutochoma. Wa pili, ambao mimi niliusukuma, ulikuwa kuacha kudai ardhi kwa wakati ule na kudai muhtasari. Sababu yake ni nyepesi: ugomvi kuhusu ardhi ungejibiwa kwa maneno, lakini aliyeombwa muhtasari ama anautoa ama anajulikana kuwa hana. Tuliandika barua kwa mtendaji, nakala kwa ofisi ya kata na ya wilaya, ikiwa na majina 64. Mtendaji alisema faili liko wilayani. Wilaya ikasema faili liko kijijini. Wiki ya tano muhtasari ulipatikana.

Uamuzi wa tatu ulikuwa kuusoma hadharani, mbele ya Mwenyekiti mwenyewe. Baadhi yetu tuliogopa. Tuliona ukisomwa chumbani utageuka umbea, na mwenye umbea hashtaki mtu.

Mkutano mkuu ulikaa Agosti, mbele ya ofisa kutoka wilayani. Muhtasari ulisema kwamba mwaka 2017 wananchi 212 walikutana, wakajadili, wakaridhia kwa kauli moja mwekezaji apewe ekari 200. Aliyekuwa akipaza sauti kuliko wote alikuwa fundi mmoja wa baiskeli. Alikuwa akipiga kelele kwamba huo mkutano haujawahi kuwapo na kwamba waliosaini ni wasaliti wa kijiji. Ofisa akaanza kusoma majina. Namba 37 lilikuwa la Fundi.

Aliomba aione karatasi. Akaiangalia muda mrefu, akasema, “Hii sahihi ni yangu. Hii ni siku ya salfa.” Wakaanza kusimama mmoja mmoja: namba 41, namba 58, namba 103. Mzee mmoja aliyesimama kwa mkongojo akakumbusha ahadi ya mwana-TANU, rushwa ni adui wa haki, sitapokea wala kutoa rushwa, akasema kwa masikitiko kwamba katika ahadi ile kupokea kumetajwa kwanza. Kisha akasema yeye pia alikula pilau la 2014.

Nimehudhuria mikutano mingi, na sijaona mwingine ambao watu walikiri hivyo bila kulazimishwa. Hapo ndipo mkutano ulipogeuka. Tangu asubuhi Mwenyekiti alikuwa akijibu tuhuma kwa tuhuma: ninyi mnaosema leo, nani hakuchukua changu? Watu walipojisemea wenyewe, silaha hiyo ikamtoka mkononi.

Uamuzi wa nne ulikuwa kuunda kamati ya watu saba, wanne wakiwa wanawake, kulinganisha orodha ile na orodha ya salfa na kufuatilia fedha alizotoa mwekezaji.

Matokeo

Orodha zilikuwa moja. Ugawaji ukaonekana batili. Mwekezaji alikuwa amelipa Sh 12,000,000 akiambiwa ni mchango wa maendeleo. Sh 5,000,000 zilionekana kwenye akaunti ya kijiji, na wajumbe wa halmashauri ya kijiji walikuwa wamelipwa posho ya kikao ambacho hakikuwa na ajenda ya maandishi. Baada ya miezi kadhaa ya mazungumzo ekari 140 zilirudi. Ekari 60 zilizokuwa zimelimwa alikodishwa kwa misimu miwili, safari hii kwa kauli ya mkutano mkuu wa kweli.

Mtendaji alihamishwa. Shauri la fedha lilipelekwa kunakohusika na mpaka naandika hakuna aliyefikishwa mahakamani. Mwenyekiti alimaliza kipindi chake. Zahanati ilipauliwa mwaka 2023.

Uchaguzi wa 27 Novemba 2024 ulipokaribia, mama mweka hazina alijitosa kwenye kura za maoni za chama chake. Alishindwa kwa kura chache na mpwa wa Mwenyekiti. Khanga ziligawiwa tena. Kiwango, naambiwa, kilipanda kutoka Sh 5,000 hadi Sh 10,000.

Uchambuzi: kufuli tatu

Wengi husikia hayo ya 2024 wakahitimisha kwamba watu hawakujifunza kitu. Mimi nasoma tofauti, na sababu iko kwenye sanduku la VICOBA.

Wanawake wa kijiji hiki wana sanduku la chuma lenye kufuli tatu. Funguo zinashikwa na watu watatu wa nyumba tofauti, na hakuna hata mmoja kati yao anayelala na sanduku. Kila wiki fedha huhesabiwa kwa sauti, na mwanachama aliyechelewa hutozwa faini. Mweka hazina akikosekana, sanduku halifunguliwi. Hakuna mwanachama anayesema mweka hazina ni mtu mzuri, ametusaidia msibani, basi tusihesabu. Wanampenda na wanahesabu.

Wanawake hao hao waliishi miaka mitano bila kusikia mapato na matumizi ya kijiji. Nilipouliza kwa nini, jibu lilikuwa lile lile kwa maneno tofauti: zile ni za serikali. Hata mchango wa Sh 10,000 wa zahanati, ambao kaya ziliutoa kwa jasho lao, ulipovuka mlango wa ofisi uligeuka kuwa wa serikali, yaani wa wenyewe wanaokaa humo. Rushwa ya kijiji hiki ilimea pale. Pilau lilimpa Mwenyekiti kiti. Kilichompa ekari 200 ni mihula ya mikutano isiyokaa na karatasi zilizosainiwa bila kuulizwa za nini.

Kwa hiyo nikiulizwa mpigakura anahusika kiasi gani, nazipima siku zenyewe. Mwaka 2014 alihusika, lakini alikuwa na sababu inayoeleweka, na dawa yake, kuliko mahubiri, ni zahanati iliyo karibu. Mwaka 2019 alinyimwa nafasi. Ila kati ya Januari 2015 na Juni 2021 alikuwa na haki ya kuitisha, kuuliza na kusomewa, na haki hiyo haikuhitaji pikipiki wala elimu ya chuo. Kutoitumia ni kosa lake mwenyewe, na nalisema nikiwaheshimu watu hawa, kwa kuwa waliokiri Agosti ile walilisema kwanza wao.

Kilichosaidia

Kudai karatasi kulifanya kazi kwa sababu kuliwapa watu waoga jambo dogo la kufanya. Kuweka jina kwenye barua ni kwepesi kuliko kumkabili Mwenyekiti uso kwa uso, na majina 64 hayafukuziki. Kujizuia kwa siku ya kwanza kulilinda kila kilichofuata. Petroli ingewashwa, mjadala wa ekari 200 ungekufa ndani ya moshi.

Kukiri nako kulisaidia, lakini sishauri kukupanga. Hakukupangwa. Mwezeshaji atakayewasimamisha watu waseme walichokula atakuwa anawaaibisha, na aibu ya kulazimishwa huzaa ukimya.

Palipotushinda

Kamati ilifuatilia ardhi kwa bidii na fedha kwa ulegevu. Ardhi ilionekana kwa macho, Sh 7,000,000 hazikuonekana. Katika kosa hili nimo: nilifundisha Sheria ya Ardhi ya Vijiji kwa siku mbili nzima, kusoma taarifa ya mapato na matumizi nikaipa saa moja ya mwisho, watu wakiwa wameshachoka. Ningerudi nyuma ningeanza na mapato, na ningemwomba mama mweka hazina afundishe yeye, kwa lugha ya sanduku.

Wajumbe wa halmashauri ya kijiji waliopokea posho hawakuulizwa chochote. Wengi ni ndugu wa wanakamati, na undugu ulizima swali. Mwalimu mstaafu, aliyeahidi mwaka 2014 kile ambacho kijiji kilikuja kukidai mwaka 2021, hakuombwa radhi na mtu. Alifariki mwaka 2022.

Hali ilivyo sasa

Mwenyekiti mpya alikula kiapo akijua kuna ubao nje ya ofisi. Ubao huo uliwekwa na kamati, na kila robo mwaka mapato na matumizi huandikwa kwa chaki. Katika miezi 12 ya kwanza ya uongozi wake, mikutano mikuu mitatu kati ya minne imekaa. Ule wa nne ulipocheleweshwa, kina mama walikwenda ofisini na daftari lao wakauliza tarehe, naye akaitaja.

Orodha ya mahudhurio sasa anaishika Fundi. Karatasi huandikwa kwanza juu, kwa herufi kubwa, tarehe na ajenda, kabla kalamu haijafika kwa mtu wa kwanza. Mkutano ukiisha hupiga mstari chini ya jina la mwisho, anaandika jumla kwa tarakimu na kwa maneno, kisha anaisoma kwa sauti.

Mkutano niliohudhuria mimi walikuwa 187.